Mtibwa imerudi, sasa tuhesabu wanaobaki

MIKESE, Morogoro. Basi la timu likitoka Manungu kwenda Dar es Salaam lazima lipite Mikese. Hakuna ujanja. Linatoka Turiani, linakatiza Dakawa, linaingia Morogoro mjini, halafu kilomita kama 30 mbele linafika hapa kwenye mizani, malori yakiwa yamepanga foleni na milima ya Uluguru imebaki nyuma.

Kwa hiyo watu wa Mikese wameiona Mtibwa Sugar ikipita kwenda kucheza na Simba, kwenda kucheza na Yanga, kwenda kucheza na Azam. Wamewaona pia wachezaji wake wakipita na mabegi yao, safari hii bila tiketi ya kurudi. Shiza Kichuya alipita. Mzamiru Yassin alipita. Dickson Job na Kibwana Shomari walipita. Barabara ni hii hii moja.

Sasa Mtibwa imerudi Ligi Kuu Bara. Ilishuka mwisho wa msimu wa 2023/24 ikiwa mkiani kabisa, ikakaa Championship msimu mmoja tu, na ikapanda ikiwa bingwa wa 2024/25, huku Mbeya City ikishika nafasi ya pili. Vijiweni mkoa mzima maneno ni ya usajili: atakuja nani, straika gani anashushwa, kipa gani wa kigeni, mabosi wana fungu kiasi gani.

Ni maswali mazuri, lakini kwa timu hii kuna moja linalotangulia yote hayo. Nani habebi begi? Historia ya Mtibwa inaonyesha kwamba msimu wake mara nyingi huamuliwa na wale waliobaki Manungu kuliko wale waliofika juzi. Twende taratibu, tuipandishe timu kwenye mizani.

Hawa jamaa siyo wageni

Vijana waliozaliwa juzi wanaweza kudhani Mtibwa ni timu ya kuja kupigania kutoshuka. Waulizeni baba zenu. Wakata Miwa hawa walitwaa ubingwa wa Tanzania Bara mara mbili mfululizo, mwaka 1999 na 2000. Baada yao, kombe lilikwenda Msimbazi na Jangwani kwa zamu kwa zaidi ya miaka 10, mpaka Azam ilipovunja utaratibu huo msimu wa 2013/14. Tangu hapo hakuna timu nyingine nje ya Simba na Yanga iliyoligusa.

Mkoa wenyewe una damu ya mpira. Mseto ya Morogoro ilikuwa bingwa wa nchi mwaka 1975. Reli ya Morogoro iliitwa Kiboko ya Vigogo, na jina hilo hawakujipachika, waliwachapa hao vigogo kweli pale Jamhuri. Zamoyoni Mogella alitokea Tumbaku ya hapa hapa kabla Msimbazi haijamfanya mfalme. Shomari Kapombe alitokea Polisi Morogoro.

Leo Mseto ni hadithi, na Reli ni hadithi ya wazee wanaokaa karibu na stesheni. Morogoro imebaki na jina moja kwenye Ligi Kuu, nalo linatoka kwenye mashamba ya miwa kule Turiani, chini ya milima ya Nguru. Mwaka mzima Mtibwa ilipokuwa chini, mkoa uliotoa mabingwa ulikaa bila timu kwenye ligi kubwa. Ndiyo maana safari hii siyo ya kujaribu.

Ilikuwa inauza na bado inashinda

Tuanze na mwaka 2016, maana hapo ndipo pana somo.

Katika dirisha moja Simba ilivuka mizani ya Mikese na kuchukua watu watatu wa eneo la mbele na kiungo: Shiza Kichuya, Mzamiru Yassin na Mohamed Ibrahim. Watatu kwa mpigo. Haikupita muda, Oktoba 1, 2016, Kichuya akapiga kona iliyoingia moja kwa moja nyavuni dhidi ya Yanga na mechi ikaisha 1-1. Februari 2017 akafunga tena bao la ushindi, Simba ikamlaza mtani 2-1. Nchi nzima ikajifunza jina lake. Dirisha hilo hilo la 2016, Yanga nayo ilikuwa imembeba beki Andrew Vincent ‘Dante’.

Mwaka uliofuata Simba ikarudi tena Manungu. Ikamchukua kipa Said Mohamed ‘Nduda’, ikamchukua beki wa kati Salim Mbonde, ikamchukua Ally Shomari. Timu ya kawaida ikipoteza watu saba wa kikosi cha kwanza ndani ya madirisha mawili, inaanza kuandika wosia.

Mtibwa ilifanya nini? Juni 2018, pale Sheikh Amri Abeid, Arusha, iliifunga Singida United 3-2 na kutwaa Kombe la Shirikisho la Azam. Kisha ikalipa faini ya zamani kwa CAF, ile iliyotokana na kushindwa kusafiri kwenda Afrika Kusini kucheza na Santos miaka ya 2000, ikafunguliwa mlango na kurudi kwenye michuano ya Afrika. Iliitoa Northern Dynamo ya Shelisheli kabla ya kukwama kwa KCCA ya Uganda. Januari 2020 ikaenda Zanzibar, ikaifunga Simba 1-0 kwenye fainali na kubeba Kombe la Mapinduzi.

Ilipoteza saba, ikaleta makombe mawili. Kwa nini? Kwa sababu vitu viwili havikutikisika. Cha kwanza ni benchi. Zuberi Katwila, aliyewahi kuichezea timu hiyo hiyo, aliongoza benchi wakati wa makombe hayo mawili na alijua kila kijana aliyekuwa kwenye timu ya pili anakula nini na anakimbia vipi. Cha pili ni timu ya vijana yenyewe. Vijana wa Mtibwa wamebeba ubingwa wa U-20 zaidi ya mara moja, na kikombe cha vijana kule Manungu hakikuwa pambo la kabati. Akitoka mtu Jumatatu, Jumanne kuna kijana anavaa jezi yake.

Wamarekani wanalijua hili

Mpenzi wa soka usinikimbie, nakuchepusha kidogo tu kwenye kikapu. Unamkumbuka Hasheem Thabeet? Kijana wetu wa Dar es Salaam, yule mrefu, aliyeingia Chuo Kikuu cha Connecticut mwaka 2006. Kule Marekani timu ya chuo inajua kabisa kwamba haitakaa na nyota wake. Msimu wa kwanza wa Thabeet timu ilikuwa ya watoto watupu na ilisumbuka. Mwaka wa tatu, 2009, ikafika nusu fainali ya taifa. Mara tu baada ya hapo Thabeet akaondoka, akachaguliwa wa pili kwenye usajili wa NBA na Memphis Grizzlies.

Connecticut ilikufa? Miaka miwili baadaye, 2011, ilikuwa bingwa wa vyuo vyote vya Marekani bila Thabeet. Kocha alikuwa yule yule, Jim Calhoun, na darasa jipya la vijana lilikuwa limeshaingia tayari kabla wakubwa hawajatoka.

Huo ndio mfumo wa Mtibwa ya 2016 hadi 2020, tofauti ni kwamba sisi tuna miwa nje ya uwanja. Kuondokewa ni sehemu ya maisha ya timu kama hizi. Hatari inakuja pale mlango wa kutokea unapokuwa mpana kuliko wa kuingilia.

Siku uti wa mgongo ulipokatika

Sasa angalieni kilichofuata, tena kwa tarehe.

Mwaka 2020 beki wa kulia Kibwana Shomari akaenda Yanga. Oktoba mwaka huo Katwila naye akaondoka kwenda Ihefu. Januari 2021 beki wa kati Dickson Job, aliyewahi kuwa nahodha wa Serengeti Boys iliyokwenda fainali za Afrika za vijana Gabon mwaka 2017, akaenda Yanga. Dirisha dogo lililoingia Januari 2022, kipa Abutwalib Mshery akaenda Yanga.

Hesabu mwenyewe. Kipa, beki wa kati, beki wa kulia na kocha. Ndani ya takribani miezi 18 nyuma yote ilikuwa imehamia Jangwani na benchi limebadilika. Yanga ikiwa na vijana hao watatu kikosini imebeba ubingwa mara nne mfululizo, kuanzia 2021/22 hadi 2024/25. Mtibwa nayo ikaanza kuonja mechi za mtoano, msimu wa 2020/21 na tena 2021/22, ikinusurika kwa kucha.

Benchini pakawa kama stendi ya Msamvu, mmoja anashuka mwingine anapanda. Thierry Hitimana alipita. Joseph Omog alipita. Salum Mayanga akarudi. Habib Kondo akapewa timu. Oktoba 2023 ikabidi Katwila aitwe tena kuzima moto, lakini nyumba ilikuwa imeshashika. Kila kocha anakuja na watu wake, anawaweka pembeni watu wa mwenzake, na kijana wa U-20 anayehitaji mechi 10 za kuaminiwa anapata mbili halafu kocha anafukuzwa.

Wapo wanaolaumu Simba na Yanga kwa kuivuna Mtibwa. Mimi siwalaumu. Mkulima wa miwa anajua kwamba muwa hukatwa, tena ukikatwa vizuri unachipua wenyewe. Kazi ni kupalilia shina na kumwagilia. Mtibwa ya 2016 ilipalilia. Mtibwa ya 2021 ilikata tu.

Somo la KenGold, somo la Tabora

Ligi hii ya sasa haina huruma na mgeni, na mifano iko mezani.

KenGold ya Chunya ilipanda mwaka 2024 ikiwa bingwa wa Championship, kama Mtibwa ilivyopanda sasa. Ilianza vibaya, na Januari 2025 ikaingia sokoni kwa kishindo. Bernard Morrison huyo, Obrey Chirwa huyo, Kelvin Yondani huyo. Majina ya kujaza basi na ukurasa wa kwanza wa gazeti. Mwisho wa msimu ilimaliza mkiani na kurudi ilikotoka. Majina yalikuwa makubwa, lakini yalikutana Januari wakati ligi imeshachanganya, na timu ya kweli haijengwi katikati ya mafuriko.

Tabora United ni upande wa pili. Agosti 2023, ikiitwa Kitayosce, ilifika Chamazi kwa mechi ya kwanza dhidi ya Azam ikiwa na wachezaji wanane tu uwanjani, maana usajili wake ulikuwa umefungiwa. Ikapigwa mabao manne haraka, wachezaji wakapungua, mechi ikavunjika. Aibu ya mwaka. Ilinusurika msimu huo kwa mtoano. Msimu uliofuata timu hiyo hiyo ikaifunga Yanga 3-1 na kumaliza nafasi za juu. Haikujengwa kwa siku moja, na makaratasi yalipokaa sawa mguu nao ulikaa sawa.

Na kama bado kuna mtu Manungu anadhani jina la zamani linalinda, amtazame ndugu yake wa miwa. Kagera Sugar, timu iliyozoeleka Ligi Kuu miaka na miaka, imeshuka msimu huu huu ambao Mtibwa imepanda. Moja imeingia, nyingine imetoka.

Nani abaki, nani aje

Msimu wa Championship, benchi lilikuwa chini ya Awadh Juma, mtoto mwingine wa nyumbani aliyeichezea Mtibwa. Mbele alikuwepo Raizin Hafidh, aliyekuwa miongoni mwa wafungaji hatari wa ligi ile. Kikosi kilichoshinda mechi nyingi pamoja kina kitu ambacho pesa hainunui dirishani: kinajuana. Beki anajua kipa wake anatoka lini. Winga anajua straika wake anautaka mpira wapi.

Ushauri wangu kwa mabosi ni wa namba. Wabakishe wachezaji saba au wanane kati ya 11 waliopanda nao. Wengine watatu au wanne watoke sokoni, na kila mmoja aje na kazi yake. Ligi Kuu ina kasi kuliko Championship, hilo halibishaniwi, kwa hiyo wanahitaji beki wa kati mzoefu wa kupanga wenzake, kiungo mkabaji asiyeogopa Benjamin Mkapa ikijaa, na mtu wa mabao wa pili ili Raizin au yeyote atakayesimama mbele asiachwe peke yake. Kipa akiwepo wa kuaminika, abaki huyo huyo.

Mikataba nayo iangaliwe. Kijana wa miaka 19 anayeng’ara akiwa amebakiza miezi sita, huyo tayari ni wa watu. Asainishwe miaka mitatu kabla hajaanza kuimbwa redioni. Akiondoka, aondoke kwa fungu, na kwenye mkataba wa kuuzwa kiandikwe kipengele cha asilimia akiuzwa tena. FIFA yenyewe imeweka utaratibu kwamba mchezaji akiuzwa nje ya nchi kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya fedha inagawanywa kwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Timu inayolea watoto wengi kama Mtibwa ina kila sababu ya kutunza makaratasi yao vizuri, tangu wakiwa wadogo.

Hesabu ya kubaki

Tuweke hisia kando tupige hesabu. Ligi ina timu 16, mechi 30. Wawili wa mwisho wanashuka moja kwa moja, wa 13 na wa 14 wanakwenda kutoana jasho kwenye mtoano. Kwa hiyo lengo la kwanza la Mtibwa ni nafasi ya 12 kwenda juu.

Pointi 35 zinatosha kulala usingizi. Unazipata kwa kushinda mechi tisa na kutoka sare nane. Maana yake unaweza kupoteza mechi 13 na bado ukabaki. Haihitaji kumfunga Simba wala Yanga. Inahitaji kuwafunga wale ambao nao wanakuja wakiwa na hesabu hiyo hiyo mfukoni: mwenzako uliyepanda naye, waliotoka mtoano, na wote wanaohema kwenye nusu ya chini.

Hapo ndipo mechi 15 za nyumbani zinapokuwa na thamani. Manungu siyo uwanja wa kifahari, lakini una tabia zake. Januari 2022 Simba ya mabilioni ilikwenda pale, mvua ikawa imefanya kazi yake, mpira ukawa haubingiriki, ikatoka 0-0. Miaka iliyopita Mtibwa imewahi kuhangaika na uwanja, mara Jamhuri, mara Gairo. Timu isiyojua Jumamosi inacheza wapi haiwezi kuhesabu pointi za nyumbani. Jambo la uwanja na leseni limalizwe mapema kama usajili wenyewe.

Utabiri wangu? Wakibakisha uti wa mgongo na wakamwacha kocha afanye kazi hata akipoteza mechi tatu za kwanza, naiona Mtibwa kati ya nafasi ya nane na 11. Wakibadilisha nusu ya kikosi Julai na nusu nyingine Januari, naiona ikipita Mikese mwishoni mwa msimu ikirudi kucheza mtoano, na safari hii bahati inaweza isiwepo.

Na sisi tunaokaa barabarani

Niseme na letu. Wengi wetu hapa Mikese, Mkambarani mpaka Morogoro mjini tunavaa nyekundu au kijani. Simba ikija kucheza na Mtibwa, Mluguru mwenzangu anakwenda uwanjani kuishangilia Simba, kisha anarudi nyumbani kulalamika kwamba mkoa hauna timu. Haya ni ya kwetu, tusimsingizie mtu.

Sikwambii uache timu yako, maana hata mimi siwezi. Nakwambia kwamba mtoto anayecheza chandimu jirani na reli hapa, mwenye mguu wa kushoto unaomsumbua kila mtu, njia yake ya karibu kwenda Taifa Stars haianzii Kariakoo. Kariakoo wanachukua aliyeiva, na Dickson Job na Mzamiru waliivia Manungu. Mtibwa ikishuka tena na kukaa chini miaka mitano, huyo mtoto ataivia wapi?

Dirisha likifunguliwa, magazeti yatajaa picha za watu wanaosaini wakiwa wameshika jezi. Tutazitazama na tutabishana, ndiyo raha ya mpira. Lakini sisi wa Mikese tuna faida moja ambayo wengine hawana, tuko barabarani. Tukae pale mizani, tutazame mabasi yanayoelekea Dar, tuhesabu mabegi. Yakipita mawili, msimu utakuwa mzuri. Yakipita saba, kocha awe amewaandaa saba wengine.